Kifaa cha Koridoni

Luciana alishika boksi upande huu, Mabula akalishika upande ule. Ilikuwa Jumamosi, soko la Ifakara limefurika watu, na dukani kwa Haidari kifaa cha kuongeza nguvu ya waifai kilikuwa kimebaki kimoja tu.

"Kaka, achia."

"Nimeshika kwanza mimi, dada."

"Umeshika na mkono wenye pumba. Utanichafulia."

Ni kweli, Mabula alikuwa ametoka kwenye mashine ya kukoboa mpunga alikofanya kazi, nywele na fulana zimejaa vumbi. Luciana alikuwa ndani ya dera la njano lililonyooka kwa pasi. Wateja wakacheka. Mabula akaachia, akamwambia kwamba kwa mdomo ule hata mawimbi yatamkimbia.

Wakatoka, wakashika njia moja ya Kibaoni, kila mmoja akidhani mwenzake anamfuata, mpaka wakasimama mbele ya geti moja. Kumbe Mabula ndiye mpangaji mpya wa Mama Sada, na Luciana alikaa chumba cha mwisho cha korido hiyohiyo. Ruta ya waifai ya nyumba ilikuwa sebuleni kwa Mama Sada, na kuta nene za tofali zilimeza mawimbi kabla hayajafika vyumba vya nyuma.

Luciana alichomeka kifaa chumbani kwake, kisisaidie kitu. Mabula akamwambia kwa dharau kwamba mle hamna mawimbi ya kuongeza, akiweke katikati ya korido ambako ruta bado inafika. Luciana akamjibu kwamba hakuna aliyemwomba ushauri. Kesho yake kifaa kikaonekana kwenye soketi ya korido, na wote wawili wakapata intaneti.

Uadui wao ulilegea hapo. Walianza kutumiana ujumbe wakiwa wametenganishwa na ukuta tu, kisha wakapigiana simu za video, kila mmoja kwenye kitanda chake, wakitaniana mpaka Mama Sada akagonga mlango. Mvua za masika zilipokwisha, Mabula alikuwa akimwita mke wangu na Luciana hakuwa akimkatalia.

Ndipo Luciana akaitwa kwenye usaili wa kazi ya utafiti wa kilimo, Dodoma, usaili wenyewe kwa njia ya video. Mabula alimwambia wazi kwamba hataki aende. Wakalala wamenuniana.

Asubuhi, Luciana akiwa katikati ya kujibu swali, sura za wasaili ziliganda, kisha zikapotea. Alijaribu kuunganisha tena kwa robo saa, kisha akafungua mlango. Mabula alikuwa amesimama koridoni, kifaa kiko mkononi mwake.

"Umechomoa."

"Sijachomoa."

"Umeshika nini?"

Mabula alimtazama, akakiweka kifaa sakafuni, akaondoka bila kujitetea. Siku hiyohiyo Luciana akabadilisha nywila ya kifaa ili simu ya Mabula isiingie. Mabula naye akaelekeza spika ya redio yake ukutani kwa Luciana. Walipokutana bombani kila mmoja alitazama ndoo yake.

Hali ikawa hivyo mpaka siku Mama Sada alipolalamika kwamba umeme unaisha haraka. Alimwomba Luciana akiondoe kile kidude, tena kinaziba soketi, hata asubuhi ile ya usaili alilazimika kukichomoa ili apige pasi gauni la harusini, akasahau kukirudisha.

 Luciana alimpigia Mabula, hakupokea. Akapiga tena, ikapokelewa kwa mngurumo wa mashine.

"Nimekukosea," Luciana akasema. "Ni Mama Sada."

"Najua."

"Mbona hukuniambia?"

Mabula alitoka nje, mngurumo ukapungua. "Kwa sababu nilimkuta Mama Sada akiondoka na pasi, kifaa kimechomolewa, nikakiokota nikirudishe, halafu nikasita. Niliwaza, ukikosa kazi utabaki. Ulipofungua mlango nilikuwa bado nasita."

 Hasira ya Luciana ilirudi, safari hii ikiwa na sababu ya kweli.

"Kwa hiyo sikukukosea sana."

"Hapana. Hukunikosea sana."

Luciana alikata simu. Jioni aliwaandikia wasaili kwamba mtandao ulikatika, wakampa nafasi nyingine. Siku ya usaili huo wa pili Mabula hakwenda kazini. Alivuta waya kutoka kwenye ruta sebuleni, akaupitisha ukutani mwa korido mpaka kwenye kompyuta ya Luciana, akakaa koridoni kwenye kigoda akiulinda mpaka usaili ukaisha. 

Kazi ikapatikana. Luciana alikuwa akifunga mabegi Mabula aliposimama mlangoni, shati jeupe, nywele hazina pumba. Alisema anataka kwenda kijijini Mofu kuonana na wazazi wa Luciana, apeleke posa.

"Mimi hujaniuliza."

"Nakuuliza."

"Nitakuwa Dodoma. Hutasita tena?"

"Nitasita," Mabula akasema. "Ila nitakwambia."

 Luciana alikuwa bado ana hasira naye, na hakuificha. Kisha akainamia begi lake na kumwambia awahi kufika Mofu, maana baba yake hapendi mtu wa kuchelewa.