Aliyewasindikiza Jabalini

Habari hii aliisimulia kwanza Widad Uweis, nyumbani kwao Takaungu, Ijumaa ya mwisho ya Februari 2023, siku tatu baada ya kurudi kutoka Oman. Aliisimulia mara moja tu, mbele ya mama yake.

Alikuwa amekwenda kumtembelea kakake Jaha, dereva wa lori huko. Siku moja Jaha akampeleka milimani, kwenye njia nyembamba ubavuni mwa jabali: kushoto mwamba, kulia shimo ambalo jiwe likitupwa halisikiki likitua.

"Kaza mwendo, dada. Miguu ya Takaungu imezoea mchanga tu."

"Na hicho kitambi chako ndicho kitakachotangulia kuporomoka," Widad akamjibu, akishikilia mwamba.

Saa saba mchana wakafika mwisho wa njia, penye nyumba chache za mawe zilizohamwa zamani. Jaha akazunguka nyuma kutafuta maji. Widad akaingia nyumba moja kukwepa jua, na mle ndani akakuta harufu ya udi, kana kwamba chetezo kimeondolewa sasa hivi. Hajajiuliza vizuri, sauti ya kakake ikasema mlangoni, "Hodi."

"Karibu," akaitikia, kama alivyoitikia maisha yake yote.

Hakuingia mtu. Ila vumbi la sakafuni likabonyea unyayo mmoja, kisha wa pili, zikaja nyayo mpaka alipoketi, zikasimama.

Jaha alipotokea na chupa ya maji, alimkuta ameganda.

"Kaka, ulipiga hodi?"

"Hodi kwenye gofu? Hata mlango halina." Kisha akaziona zile nyayo. Akanong'ona, "Ulimjibu?"

"Nilimwambia karibu."

"Basi hafukuziki. Umkaribishe mwenyewe, kisha umtimue? Huyu si wa kumkosea." Akafikiri kidogo, akasema kwa sauti ya adabu, "Mwenyeji, hapa ni kwako. Sisi ndio wageni. Tunaomba ruhusa tuende zetu."

Hewa ikajibu kwa sauti ya Widad mwenyewe, "Haya. Nitawasindikiza."

Jaha akamshika dadake bega. "Tangulia, usigeuke. Mimi nitakaa kati yenu. Wewe ndiye uliyemkaribisha, wewe ndiye utakayemuaga. Tukifika garini, mwambie panatosha."

Wakashika njia. Nyuma ya Widad viatu vya Jaha vilikwaruza changarawe, na nyuma ya viatu hivyo zikaja nyayo tupu, laini, zisizoharakisha wala kuchelewa, na kila njia ilipobana na shimo kusogea, harufu ya udi ilizidi na zile nyayo zikasikika zimehamia upande wa nje, sambamba na Jaha, hata Widad akawa anahesabu pumzi za kakake badala ya hatua zake mwenyewe, akiomba zisikatike, akiomba asisikie jiwe likiteleza, akiogopa kugeuka na akiogopa zaidi kutogeuka.

"Kaka?"

"Nipo. Tembea."

Mara ya pili alipomwita, alijibiwa "Nipo" tu. Mara ya tatu hakujibiwa, lakini viatu bado vilikwaruza.

Jua likielekea kuzama, akaliona gari. Akasimama, akakaza macho mbele.

"Hapa panatosha," akasema. "Ahsante kwa kutusindikiza. Rudi sasa."

Nyayo zikageuka. Moyo wake ukatua. Kisha akasikia na changarawe ikikwaruzwa, ikienda mbali.

Hakuwa amesema ni nani arudi.

Alipogeuka, Jaha alikuwa anapanda ile njia taratibu, mkono mmoja ameunyoosha pembeni kama mtu aliyeshikwa mkono. Widad akamwita mpaka sauti ikamkauka. Hakugeuka hata mara moja.

Askari na watu wa kijiji cha chini walimtafuta siku tisa. Hawakupata hata kiatu.

Widad yu hai, anaishi Takaungu. Mama yao yu hai. Jaha hajasomewa hitima, kwa kuwa mama hakubali. Kila anapoulizwa husema mwanawe yupo, ila yuko kwa watu, wale wa jabalini.