Spika za Watu Wawili

Mwanamume aliyeingia dukani kwa Mzee Combo asubuhi ile alivaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka kola ikasimama yenyewe, na alinukia udi kana kwamba anatoka harusini, si kazini forodhani. Nje soko la Volo Volo, hapo Moroni, lilikuwa limechemka, wauza samaki na wauza vitambaa wakipigana vikumbo. Djouhara, binti aliyeuza redio na kaseti pale dukani, alimtazama mara moja, akajikataza kumtazama tena. Hakuweza.

"Nataka spika za kufunga na video," alisema yule bwana. "Niwe na sinema nyumbani kwangu."

"Spika hazichaguliwi kwa macho, kaka. Kaa usikilize."

Djouhara akatia kaseti, akapandisha sauti. Mara jeep ya wale wazungu wa bunduki, waliompindua rais mwaka wa sabini na nane na sasa wanamlinda aliyekuja baada yake, ikapita polepole mbele ya duka. Soko zima likanywea.

"Punguza, binti!" Mzee Combo alinong'ona.

Djouhara hakupunguza. Jeep ikapita.

"Huogopi wewe?" mteja akauliza.

"Nilitoka Majunga na nguo niliyovaa, nyumba yetu nyuma inaungua. Jeep itanitisha nini?"

"Kumbe Msabena!" akacheka. "Mimi naitwa Mouigni. Nami umenitisha."

Wasabena ndilo jina walilopewa wale waliofukuzwa Majunga, kule kisiwa kikubwa cha Bukini, kwa jina la shirika la ndege lililowaleta. Tangu siku aliyoshuka ndegeni Djouhara alikuwa mtu wa kulala pembeni mwa nyumba za watu, leo kwa binamu, kesho kwa jirani. Alitaka kitu kimoja tu duniani: mlango ambao ufunguo wake ni wake. Kama mapenzi yangekuja pamoja na mlango, basi alhamdulillahi.

Mouigni akawa haishi kuja. Siku asipokuja, hupiga simu.

"Allo, duka la Combo."

"Simtaki Combo. Namtaka mwenye sauti."

"Mwenye sauti ana wateja."

"Wafukuze, roho yangu."

Mouigni alizipenda spika kubwa nyeusi, za kumfikia mtu kiunoni. Djouhara akamwekea mbili ndogo za mbao.

"Hizi vitoto?"

"Makelele ni ya harusi, Mouigni. Nyumba ni ya watu wawili. Picha inaendelea, mtu ananong'ona kwenye video, nanyi mnamsikia kama yumo chumbani."

Mouigni akapapasa mbao ya spika. "Basi chagua kama unavyochagua zako," akasema, na hakumtazama usoni.

Djouhara akachagua zake. Usiku hakulala kwa furaha.

Siku ya kwenda kuzifunga alijitanda shiromani mpya nyekundu, akajipaka mashavuni msindanu wa unga wa msandali. Nyumba ilikuwa mtaa wa Badjanani, bado inanuka chokaa. Mlango ulifunguliwa na msichana mwenye bangili za dhahabu mikono yote miwili.

"Karibu, dada. Wewe ndiye wa spika? Mouigni anakusifu, anasema una masikio ya ajabu."

"Wewe ni dada yake?"

Msichana akacheka, bila ubaya wowote. "Mimi Moinafouraha, mchumba wake. Harusi kubwa mwezi ujao, inshallah. Nyumba hii mama alianza kunijengea siku niliyozaliwa."

Mgeni ni kipofu hata akiwa na macho. Djouhara alikulia Majunga, na babake ndiye aliyejenga, mamake akaletwa ndani. Hapa Ngazija nyumba ni ya mwanamke, mume huja na sanduku lake. Mwanamume wa Moroni akisema "nyumbani kwangu", hata mtoto anajua kuna mke au mchumba. Soko zima lilijua, na kila mtu alidhani Djouhara naye anajua.

Alifunga nyaya zote, sawasawa. Kisha akaaga.

Juma lile lile akapanda meli kwenda Mutsamudu, kisiwa cha jirani, kwa shangazi yake, Saoudat, muuza vitambaa. Huko dukani ndiko simu ilikomfuata.

"Djouhara, usikate! Wallahi sikukudanganya."

"Hukunidanganya. Nilijidanganya mwenyewe, nawe ukanitazama."

"Harusi kubwa ni desturi ya mji, naifanya kwa ajili ya mama yangu. Wewe ndiye wa moyo wangu. Ikipita nakuoa. Ndoa ndogo, lakini ya halali."

Moyo ulimruka, na hiyo ndiyo ilikuwa aibu yake kubwa. Alikuwa bado anampenda.

"Utaniweka wapi?"

"Nikuweke wapi tena? Mume si huja kwa mke? Nitakuja hapo ulipo."

Djouhara akatazama nyuma ya marobota ya vitambaa, ulipokunjwa mkeka wake wa kulalia.

"Ulichonipigia ni hicho tu?"

Mouigni akakohoa. "Na tena, baba mkwe amewaalika wale wazungu wa jeep. Anasema spika ni ndogo, watu wakijaa hazitasikika. Huwezi kuniombea kwa Combo anibadilishie, anipe zile kubwa?"

Djouhara akacheka.

"Nilizichagua za watu wawili, Mouigni. Mmoja alikuwa mimi."

Akaweka simu chini.

"Nani huyo, mwanangu?" Saoudat akauliza kutoka mlangoni.

"Mteja wa Moroni, shangazi. Anataka kubwa na ndogo, zote mbili. Nimemwambia hatuna."

Akafuta uso kwa ncha ya shiromani, akarudi kukunja vitambaa vya watu.