Nimezima, Mpenzi

Betri ya kamera ilikata roho pale pale wakili alipofungua mdomo.

Ukumbi wa mahakama ulikuwa umefurika. Waandishi wa vituo vyote walikuwa wanasukumana, vipaza sauti vinagongana, na katikati yao alisimama dada mmoja wa televisheni aliyevaa suruali nyeusi, blauzi ya rangi ya maziwa na viatu bapa vya mtu anayejua siku yake ni ya kukimbia. Begani alikuwa na mzunguko mzima wa waya. Mbele yake mpiga picha wake, mzee mwenye miaka thelathini kazini, alikuwa anaipigapiga kamera ubavuni kama anayemwamsha mlevi.

"Imekufa," mzee akasema.

"Isife leo, Mzee wangu! Leo hapana!"

Ndipo mkono ulipopenya kutoka pembeni, mkono wa shati la bluu lililokunjwa hadi kwenye kiwiko, umeshika simu iliyofungwa kwenye kijiti. Mwenye mkono alikuwa kijana mrefu, ananukia sabuni, na anatabasamu utadhani amealikwa harusini.

"Chukua hii, dada. Bonyeza hapo pekundu tu, mengine itafanya yenyewe."

"Habari ya mahakama nipige kwa simu? Unanionaje wewe?"

"Nakuona una waya nyingi na huna picha hata moja."

Alicheka bila kutaka, akabonyeza. Aliporudi ofisini, mahojiano yalikuwa yamekwisha kwenda hewani kabla hajapanda ngazi. Na kijana yule alikuwa amekaa kwenye chumba cha habari, mguu juu ya mguu. Ndiye mtaalamu mpya aliyeajiriwa kuwafundisha waandishi mifumo ya kisasa.

"Karibu nyumbani, Mama Waya," akamwambia, na jina likamganda hapo hapo.

Chumba cha habari hakikumpokea Mtaalamu kwa vigelegele. Mzee wa kamera alikataa katakata kushika simu, akisema yeye si mpiga picha za sherehe. Msomaji wa taarifa alisahau neno lake la siri kila asubuhi. Mama Waya naye alikuwa mbishi kuliko wote, lakini ubishi wake ulikuwa na jambo. Alikuwa anauliza maswali ambayo majibu yake alikuwa nayo, ili mtu fulani ainame karibu na kiti chake.

"Haya, nieleze tena. Picha zinakwenda wapi?"

"Ghalani. Ukirekodi, kila dakika moja kipande kinapanda chenyewe kwenye ghala la pamoja. Hata simu ikiibiwa, habari haipotei."

"Na kila mtu anaingia humo?"

"Anaingia, lakini kila anayegusa faili anaandikwa. Jina, siku, saa. Bonyeza hapa uone." Mama Waya akabonyeza. "Mfumo hausahau, mama. Mimi ndiye ninayesahau, nikikutazama."

"Tutolee balaa huko!" alisema Mama Waya, masikio yakimwaka moto.

Kufikia mwezi wa pili walikuwa wanapigiana simu wakiwa kwenye jengo moja, ghorofa moja.

"Umekula, mpenzi?"

"Bado. Nahariri."

"Kula kwanza. Habari haitakimbia, ila wewe ukikonda mimi nitamwambia nini shangazi yako?"

Shangazi alikuwa ndiye mama na ndiye baba. Alimchukua mtoto wa kaka yake akiwa na miaka sita, akamsomesha kwa mshahara wa kupima maji kwenye mtambo wa maji wa mji. Alipima kwa miaka ishirini na miwili. Na shangazi huyo ndiye aliyempigia simu Jumapili moja, sauti chini, akamwambia dawa ya kusafishia maji ilikuwa imekwisha mwezi na nusu uliopita, na kwamba daftari la vipimo lilikuwa linajazwa tarakimu za kubuni.

"Nitasema, mwanangu. Watu wanakunywa. Lakini uso wangu usionekane. Bado miaka mitatu nistaafu."

"Shangazi, mimi nikuweke uso hadharani? Mimi?"

Zamani kazi hiyo ingekuwa rahisi. Mzee wa kamera angemgeuza shangazi akae kuelekea ukutani, angepiga kivuli, na uso usingekuwepo popote duniani. Lakini Mtaalamu alikuwa amewafundisha vingine: piga uso wazi, picha iwe safi, kisha programu itauficha baadaye. Mama Waya aliamini. Kabla ya kuondoka alimpigia.

"Lile jambo la vipande kupanda ghalani, sitaki kwa mahojiano haya. Nataka nifiche uso mwenyewe kwanza. Nizimie kwenye simu yangu."

"Nimezima, mpenzi."

"Una hakika? Ni shangazi, unajua."

"Mama Waya, nimekudanganya lini?"

Alirekodi dakika kumi na nane sebuleni kwa shangazi, pazia limefungwa, uso wa mama yule wazi hadi mikunjo ya macho. Alasiri alikuwa anarudi ofisini, foleni ikamshika njiani. Mtaalamu alimpigia humo humo garini, akamsisitiza apite mahali ale, asikimbie, mahojiano yatarushwa kesho. Alipita akala. Alikula ameshiba mapenzi.

Taarifa ya saa kumi na moja ilimkuta analipia chakula. Televisheni ya ukutani ilionyesha mama mmoja, usoni amefunikwa ukungu mzuri wa programu. Mama akageuza kichwa kutazama pazia, ukungu ukampoteza, na kwa sekunde nne shangazi yake alitazama mji mzima akiwa uso wazi.

Simu ilipigwa kabla chenji haijarudi.

"Ni mimi yule," shangazi alisema.

"Shangazi, sikujua, naapa sikujua! Ni mfumo, ni hizi mashine..."

"Mimi sikuiamini mashine, mwanangu. Nilikuamini wewe." Akakata.

Kesho yake asubuhi shangazi alizuiwa getini na barua ya kuachishwa kazi. Maji yalitiwa dawa jioni ya siku hiyo hiyo, na mji ulishukuru televisheni. Aliyefukuzwa hakushukuriwa na mtu.

Mtaalamu alimkumbatia Mama Waya kwenye korido, akamfuta machozi kwa kidole gumba.

"Ni Mhariri Mkuu huyo," alisema. "Aliona habari kubwa, tamaa ikamshika, akawasha tena. Mimi nilizima, wallahi nilizima."

Alimwamini siku mbili nzima. Siku ya tatu alikaa mbele ya kompyuta akiwa na hasira na Mhariri Mkuu, akabonyeza pale alipofundishwa kubonyeza. Orodha ikafunguka. Faili lilikuwa limepanda kipande kwa kipande, vyote kumi na nane. Lilifunguliwa saa tisa na dakika arobaini, likakatwa, likatumwa studio, yote na mtu mmoja. Alilisoma jina lile mara tatu. Kisha alitoa simu yake, akatazama ni saa ngapi alipigiwa akiwa garini. Saa tisa na dakika arobaini na mbili. Kula kwanza, mpenzi.

Hakupiga kelele. Alimwita tu, akamwonyesha kioo cha kompyuta.

Mtaalamu alilisoma jina lake mwenyewe. "Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi," alisema hatimaye. "Walisema nisipoleta habari moja kubwa iliyopigwa kwa simu, mradi unafungwa. Nilidhani programu imeficha uso mwanzo hadi mwisho. Sikuitazama yote."

"Ulipoambiwa uzime, ulizima?"

"Nilitaka kuzima."

"Ulizima?"

"Hapana."

Mtaalamu alipewa likizo ya lazima ya wiki tatu. Mama Waya alikwenda kwa Mhariri Mkuu kudai utaratibu mpya: kila kipande kipya kinachoingia ghalani kimpigie kengele mtu mmoja kwenye simu yake, naye awe na uwezo wa kukifuta. Akaambiwa, haya, mtu huyo uwe wewe.

Usiku alilia, asubuhi alijipaka poda akaenda kazini. Nisifiche jambo: alikuwa anampenda bado. Kila simu ilipolia, moyo ulimruka kwa kutamani awe yeye. Wiki ya tatu akawa ni yeye.

"Nipe nusu saa tu. Ukisema basi, itakuwa basi."

Walikutana kantini ya ofisi saa kumi alasiri, meza ya dirishani, watu wachache. Alivaa shati lile lile la bluu. Alikuwa amekonda. Simu yake aliisimamisha mezani, imeegemea kikopo cha chumvi.

"Zima hiyo," Mama Waya alisema.

Mtaalamu aliigusa kidogo. "Nimezima."

Kisha akazungumza, na alizungumza kama mtu mzima. Hakutaja mkataba wala programu. Alisema amekosa. Alisema alikwenda kwa shangazi mara mbili, na mara ya pili alifunguliwa mlango. Machozi yalimtoka, ya kweli kabisa, na Mama Waya alijikuta anaitazama mikono yake tu, machozi yale yasimwambukize. Pete ilipotoka mfukoni, nyembamba, kwenye kikaratasi, aliuona moyo wake ukisogea bila ruhusa.

"Niruhusu nianze upya. Sitakuficha jambo tena maishani mwangu. Utakubali?"

Alikuwa amekwisha kunyoosha mkono. Neno lilikuwa mdomoni.

Kwenye mkoba wake kengele ililia, fupi, kama ilivyokuwa inalia kila dakika tangu walipokaa bila yeye kuisikia. Alitaka kuipuuza. Ikalia tena baada ya dakika. Aliitoa simu akatazama: ghala lilikuwa limepokea kipande kipya, na kabla yake vingine sita. Alikifungua cha mwisho. Aliona meza ya dirishani, pete kwenye kikaratasi, na uso wake mwenyewe, macho yamejaa machozi, uko wazi kabisa.

Alikigeuza kioo kikamwelekea Mtaalamu.

"Ni kumbukumbu yetu tu," Mtaalamu alisema haraka. "Nilitaka tuwe nayo, tuje tuwaonyeshe watoto. Nimesahau kwamba inapanda. Mpenzi, hii si kama ile..."

"Nilikuuliza, ukasema umezima."

Mama Waya aliukunja mkono wake akaurudisha kwenye mapaja, akamtazama mtu aliyempenda. Halafu akafuta kipande cha kwanza, cha pili, cha tatu, bila haraka, mpaka vyote saba vikaisha. Mbele ya kila kimoja mfumo uliandika saa na jina la aliyefuta. Jina lilikuwa lake.

Alichukua mkoba akaondoka kwenda kwa shangazi, ambaye tangu siku ya taarifa ile alikuwa bado hajamfungulia yeye mlango.