Kadi za Damu Juu ya Moto

Edinah alikuwa anachambua mboga ya chinsaga barazani, majani upande huu, vijiti upande ule, Syprose alipoingia uani bila kupiga hodi. Syprose aliuza omena pale sokoni Kebirigo. Alikuwa mtu wa kule ziwani, na kwa kawaida sauti yake ilitangulia kufika kabla yake.

"Mama Celestine," alisema polepole, "ninyi watu wa hospitali mkidunga mtu hamjui kumziba? Mzee Anyona bado anatoka damu."

"Anatoka wapi?"

"Pale pale kidoleni ulipomdunga jana."

Edinah alicheka kidogo. Alikuwa muuguzi katika zahanati ndogo ya sokoni, na jana walikuwa wanapima homa ya ini, ile aina ya C ambayo mtu hukaa nayo miaka bila kujua. Kazi yenyewe si ngumu. Unadunga ncha ya kidole, unadondosha damu kwenye duara zilizochorwa juu ya kadi nene, unaziacha kadi zikauke kivulini usiku kucha, kisha unazifunga na kuzituma maabara mjini. Tundu la sindano ile huziba kabla mtu hajafika barabarani.

"Ini likiwa na shida, damu hukawia kuganda," alisema. "Mwambie abane na kitambaa, na kesho asubuhi nimwone."

"Amebana tangu jana usiku. Haumwi. Linatoka tone, linatulia, linatoka tone, kama mfereji usiofungwa vizuri." Syprose akamwinamia. "Na Mwalimu Sharon hivyo hivyo. Msichana mwenye nguvu za kubeba gunia la viazi. Na yeye ini ni bovu?"

Edinah aliacha kuchambua.

Celestine aliingia wakati huo kutoka shuleni, mkono mmoja ameukumbatia kifuani. Jana watu walipoiogopa sindano, Edinah alianza kwa kumdunga binti yake mbele yao wote ili waone kwamba si kitu. Sasa leso aliyoizungusha kidoleni ilikuwa nyekundu, na mkono wa sweta ulikuwa umelowa.

"Haiumi, Mama," alisema. "Ila nasikia baridi."

Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Edinah alikaza kidole kile kwa nguvu zake zote, na tone likapenya katikati ya vidole vyake kana kwamba kuna mtu anayelivuta.

Alikimbilia chumbani kuchukua bandeji. Hapo ndipo alipoona kwamba kichanja cha kadi ni kitupu. Alikuwa amekileta nyumbani mwenyewe jana jioni kwa sababu dari ya zahanati ilikuwa inavuja.

"Magokoro," alitoka akimwita Nyangate, mama mkwe wake, "zile kadi zangu ziko wapi?"

Nyangate alikuwa ameketi kwenye mlango wa jiko la nje, akipepeta wimbi. Hakuinua kichwa. "Nilikusaidia. Mvua hii yote, ni kitu gani kitakauka chumbani? Nilizipandisha darini jana ulipolala."

Dari hiyo ya jikoni ilikuwa ya miti, juu ya mafiga, mahali ambapo wimbi na kuni hukaushwa kwa moshi.

"Joto linaharibu damu, Magokoro. Sasa itabidi nidunge watu wote upya."

Ungo ulisimama. "Damu?"

"Ulidhani ni nini?"

"Nilidhani ni mihuri. Mihuri ya ofisi, iliyofifia." Mwanamke yule mzee aliuweka ungo chini kwa uangalifu mno, kama mtu aliyeshika kitu kinachoweza kumwagika. "Damu ya watu. Na mimi nikaiweka pale kwa mkono wangu."

Edinah alitaka kumwambia aache mambo ya kale, lakini Nyangate alikuwa ameinuka na kurudi nyuma kutoka mlango wa jiko, yeye ambaye hakurudi nyuma hata siku walipomzika mumewe.

"Zamani tukichinja," alinong'ona, "tone la kwanza lilipandishwa pale. Lilikuwa la ekerecha, jini la nyumba hii, lililokuwapo kabla sijaolewa. Tulipookoka tukaacha. Tulidhani limeondoka. Lilikuwa na njaa tu."

"Funga mdomo, watoto wanasikia."

"Nyamaza wewe, usikilize."

Wakasikiliza. Kutoka ndani ya jiko, juu, palitoka sauti ya kulamba, ya polepole, yenye mate, kama ng'ombe anavyomlamba ndama. Ililamba mara moja. Kule barazani Syprose akasema, "Mungu wangu, lingine." Ililamba tena, na tone likaanguka sakafuni kutoka mkono wa Celestine.

Edinah aliingia jikoni. Hakuwa jasiri, ni kwamba hapakuwa na mtu mwingine wa kuingia. Mvua ilikuwa imelitia giza jiko lile ijapokuwa jua lilikuwa halijatua, na harufu iliyompokea haikuwa ya moshi, ilikuwa ya damu mbichi na manyoya yaliyolowa. Alisimama juu ya kigoda, akapenyeza mkono katikati ya miti ya dari, akapapasa wimbi, akapapasa kuni, akagusa kadi ya kwanza na kuivuta, nayo ikaja nyepesi, imelowa mate, duara zake zote nyeupe kama siku ilipotoka kiwandani, na ya pili hivyo hivyo, na nyingine na nyingine, mpaka vidole vyake vikafika kwenye ile ya mwisho, ya Celestine, ambayo ilikuwa bado na wekundu upande mmoja, na alipoishika na kuivuta haikuja, kwa sababu huko gizani, karibu kabisa na uso wake, palikuwa na kitu kilichoishika upande wa pili, kikipumua hewa ya moto juu ya vifundo vyake, wala hakikuvuta, kilishikilia tu, kwa subira, huku ulimi wa kukwaruza ukipita juu ya kidole gumba chake kufuata duara, na nje mtoto akasema kwa sauti ndogo sana kwamba haoni vizuri.

"Usivute," Nyangate alisema nyuma yake. "Hakinyang'anywi. Kinabadilishiwa. Shuka."

"Magokoro, toka humu."

"Nani aliyekilisha, ni wewe? Shuka, mokamwana. Nipe kile kisindano chako."

Edinah alikuwa nacho mfukoni mwa aproni. Hapo baadaye angejiuliza kwa nini hakukataa, na jibu lingekuwa lile lile: hakukataa kwa sababu mtoto alikuwa wake. Nyangate alipanda kigodani kwa shida, akajidunga, akaupandisha mkono wake mwembamba gizani hadi kwenye kiwiko. Alisema maneno machache kwa Ekegusii, kwa upole, kama anayemkaribisha mgeni aliyenyeshewa. Kisha akafumba macho.

Kadi ya Celestine ilianguka kwenye majivu. Sauti ya kulamba ikakoma.

"Imeacha," Syprose aliita kutoka barazani. "Mama Celestine, imeacha. Njoo uone, kidole ni kikavu."

Simu zilifuata kabla giza halijaingia. Mzee Anyona amepona. Mwalimu Sharon anakunywa chai. Edinah aliwaambia kwamba kadi ziliharibika, na kwamba itabidi wadungwe tena, na kadi zikaushwe zahanati, si nyumbani. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Duncan, mumewe, alifika kutoka dukani kwake Keroka akiwa amelowa na mwenye njaa, akaambiwa kwamba mtoto alijikata. Edinah alisonga ugali, akapakua chinsaga, akawahesabu kama alivyofanya kila jioni: Duncan yuko, Celestine yuko, mdogo wake Gesare yuko, Magokoro yuko, na yeye mwenyewe. Wote wamefika. Celestine alikuwa anamega tonge kwa mkono mzima.

Nyangate hakugusa sahani yake. Alikuwa amesogea kando kwenye benchi, ameacha nafasi ya mtu mmoja.

"Mokamwana," alisema taratibu, bila kumtazama, "mwenzangu hujampakulia."

Duncan alicheka, akidhani ni uzee. Edinah hakucheka. Aliwatazama watoto wake wakila, akachukua sahani nyingine, akaijaza, akaiweka pale penye nafasi. Kisha akawahesabu upya, na safari hii walikuwa sita.