Chini ya Kava la Kiti

Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, nyumba ya Fundi wa makochi iliamka kabla ya jua. Mkewe alipasha maji ya kuoga. Fundi mwenyewe alimvalisha mama yake viatu, kwa sababu miguu ya mama ilikuwa imevimba na hakuweza kuinama. Figo za mama zilikuwa hazifanyi kazi tena. Siku hizo tatu za wiki alilazwa kando ya mashine hospitalini, na mashine ikamsafishia damu kwa saa nne. Alitakiwa awe amefika saa moja asubuhi.

Aliyempeleka ni jirani yao mwenye teksi. Siku moja teksi ile ilizimika njiani, na mama akafika saa tatu. Mashine zote zilikuwa na watu. Muuguzi aliwaonea huruma, lakini hakuwa na la kufanya. Aliwaambia warudi kesho yake. Kutwa nzima mama alikaa kitandani akipumua kwa shida, na mke wa Fundi alikaa naye akimshika mkono. Wote wawili walikuwa na hofu.

Kisha jirani akaja na habari nyingine. Alikuwa anahamia mji mwingine mwisho wa mwezi.

"Tununue gari letu," Fundi alisema.

Walikuwa na akiba ya kumalizia chumba cha pili. Akiba hiyo ilitosha gari la bei ndogo, tena gari lililokwisha kutumika sana. Ilitosha gari moja tu. Wakikosea, hawangekuwa na njia ya kumfikisha mama kwenye mashine.

Hapa sina budi kuwaambia jambo kuhusu huyu Fundi, maana kosa lilianzia hapo. Alikuwa bingwa wa viti, na alijijua hivyo kupita kiasi. Makochi ya mji mzima yalipita mikononi mwake. Viti vya magari pia aliletewa, avishe ngozi mpya na kubadilisha sponji. "Kiti hakidanganyi," alipenda kusema. "Nionyeshe kochi lako, nitakuambia nani nyumbani kwako anasinzia mbele ya televisheni." Na kweli aliwapatia watu mara nyingi, wakacheka, naye akavimba kichwa.

Gari la kwanza aliloliona lilikuwa la mkunga mstaafu. Mkunga aliliendesha miaka mingi kwenda zahanati za mbali. Saa ya kilomita kwenye dashibodi ilisoma laki tatu na elfu kumi na mbili. Kiti cha dereva kilikuwa kimechanika, sponji inachungulia nje. Fundi hakusubiri hata boneti ifunguliwe. Aliaga, akaondoka.

Gari la pili lilikuwa kwa dalali wa magari. Lilisoma kilomita elfu sabini na nane. Lilikuwa limeoshwa likang'aa. Viti vyake vilivishwa kava za kijivu zenye mistari. Fundi alikaa kwenye kiti cha dereva, akakibonyeza kwa kiganja. Kilirudi juu vizuri, kigumu kama cha juzi.

"Bosi, hili lilikuwa la mtu anayekwenda kazini na kurudi tu," dalali alisema. "Na kuna mwingine analitaka. Mimi nakusitiri wewe kwa sababu ya mama mgonjwa."

Fundi aliahidi kuleta fedha zote Jumamosi.

Jioni alimweleza mkewe. Alimsifia gari lile hadi uji ukapoa. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho.

"Injini umeiona?" aliuliza.

"Nimeisikia. Imetulia."

"Chini ya gari je?"

"Mama watoto, gari lenye viti vile halijachoka. Kazi yangu ni viti. Miaka kumi na tisa."

"Najua. Ndiyo maana nakuuliza vitu ambavyo si viti." Alisogeza bakuli kando. "Huyu ni mama yako, sikatai. Lakini anayekaa naye kiti cha nyuma ni mimi. Pumzi zikimbana njiani, anayemshika ni mimi. Naomba kitu kimoja. Dada Spana alione kabla hatujatoa fedha."

Dada Spana alikuwa makanika mwenye gereji nyuma ya soko. Jina hilo alipewa na wateja, kwa kuwa spana haikumtoka mfukoni hata akienda kwenye msiba. Fundi hakupenda. Aliona ni kama anaambiwa hana akili. Lakini kutoka chumba cha ndani mama yake alikohoa, kikohozi kile cha maji kifuani.

"Haya. Mwite," alisema.

Dada Spana alikubali kwa sharti moja. "Mwambieni dalali asiliwashe gari mpaka nifike. Injini ikiwa ya baridi haina pa kujificha. Ikiwa inawaka kwa shida, utaiona. Ikiwa inatoa moshi wa buluu, yaani inaunguza oili, utauona. Ikishapashwa moto, inapendeza kwa saa nzima."

Jumamosi asubuhi walifika wote watatu. Dada Spana alimsalimia dalali kwa adabu zote. Kisha akaweka kiganja juu ya boneti, akakiacha hapo.

"Ni ya moto," alisema.

"Nililisogeza kidogo tu, dada. Lilikuwa juani."

"Jua la saa mbili asubuhi." Alifungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta na kukichovya tena. Oili ilikuwa nzito na nyeusi. Alilala chini kwenye kipande cha boksi, akamulika kwa tochi. Aliponyanyuka aliita, "Kaka Fundi, njoo uangalie hapa kwenye miguu."

Fundi aliinama. Dada Spana alimulika pedali ya breki. Mpira wake ulikuwa umelika upande mmoja hadi chuma kikaonekana.

"Kilomita elfu sabini na nane hazili mpira hivi," alisema polepole. "Mguu wa mtu umekanyaga hapa miaka na miaka. Usukani nao umevishwa soksi mpya. Saa ya kilomita inaweza kurudishwa nyuma, kaka. Mtu mwenye kifaa hahitaji hata nusu saa. Lakini mpira wa pedali watu wanausahau."

"Saa hizi huharibika zenyewe," dalali alisema.

"Huenda. Sasa tuinue kava la kiti cha dereva."

"Kava limebana, mtalichana."

"Huyu ni fundi wa viti. Hatalichana."

Fundi alipiga magoti pembeni ya mlango. Alifungua kamba za kava, akalipandisha taratibu. Chini yake kulikuwa na ngozi nyeusi, imeshonwa vizuri sana. Alifuata mshono kwa kidole mpaka kwenye kona ya chini, ile ambayo mteja haioni. Hapo palikuwa na misalaba mitatu midogo ya uzi mwekundu.

Hakuna mtu mwingine mjini aliyefunga uzi hivyo. Alikuwa amefundishwa na mwalimu wake, na yeye hakuwa amemfundisha mtu.

Alikumbuka yote pale pale. Viti hivi vililetwa karakana kwake mwaka jana, vimefunguliwa, bila gari. Kiti cha dereva kilikuwa kimekwisha kabisa. Sponji ilikuwa imegeuka unga. Chuma cha chini kilikuwa kimepinda upande wa mlango, pale dereva anapoingilia na kushukia. Alicheka siku ile, akamwambia aliyekileta, "Hili gari limezunguka dunia." Kisha akanyoosha chuma, akaweka sponji mpya, akavisha ngozi. Hakuuliza viti vinarudi kwenye gari gani wala kwa nini. Aliona fahari ya kazi yake tu.

"Baba watoto," mkewe aliita kwa sauti ya chini. "Vipi?"

"Nimekishona mimi," Fundi alisema. Alibaki amepiga magoti. "Nilisifia kazi yangu mwenyewe. Kiti hiki kilikuja kwangu kimekufa."

Dada Spana alifunga boneti. Waliondoka na fedha zao, na njiani hakuna aliyemcheka Fundi, ingawa kwa siku nyingine yoyote Dada Spana asingeiacha nafasi ile ipite.

Nyumbani Fundi alikaa kwenye kitanda cha mama yake. Aliona aibu, na hakuificha. "Mama, nusura nikupakie kwenye gari bovu. Na ubovu wake niliusaidia kufichika."

Mama alimtazama. "Umeuficha kwa kujua?"

"Hapana. Lakini sikuuliza."

"Basi uwe unauliza," mama alisema. "Na lile la mkunga je? Nasikia ulilikimbia."

"Viti vimechanika, mama."

"Mimi nakwenda hospitali, mwanangu, siendi harusini. Kikichanika kiti, mimi sichaniki."

Siku iliyofuata walikwenda kwa mkunga. Alikuwa hajaliwasha gari, kama walivyomwomba, na boneti ilikuwa baridi. Dada Spana aliliwasha mwenyewe. Liliitika mara ya pili, likatetemeka kidogo, likatulia. Moshi haukuwa na rangi. Akamwomba mkunga kadi ya gari, akalinganisha namba ya kwenye kadi na namba iliyogongwa kwenye chuma. Zilikuwa sawa. Jina kwenye kadi lilikuwa la mkunga mwenyewe, nalo akalilinganisha na kitambulisho chake. Kisha mkunga akatoa daftari la shule lenye jalada lililochakaa. Kila mara alipobadilisha oili aliandika tarehe na kilomita. Kila kifaa kilichofungwa kiliandikwa. Lilikuwa na kurasa za miaka kumi na minne.

"Niliandika kama ninavyoandika uzito wa watoto," mkunga alisema. "Sikujua namna nyingine."

Dada Spana alilisoma daftari kwa muda mrefu kuliko alivyolikagua gari. Baadaye aliliendesha, kwanza barabara mbaya, kisha mlima, kisha akafunga breki kwa nguvu mahali patupu. Aliporudi alisema ukweli wote mbele ya mwenye mali.

"Matairi mawili ya nyuma yamekwisha. Bomba la maji la rejeta limeanza kupasuka. Mkanda wa taimingi, ule unaozungusha sehemu za ndani za injini, daftari linasema umepitisha muda wake. Ukikatika, injini inaweza kufa palepale. Vingine vizima."

Fundi alikunja uso. "Lakini dada, laki tatu na ushee."

"Kilomita nyingi si ugonjwa, kaka. Gari hili nalijua lilipotoka na lilichokula. Lile la jana hata mwenyewe hakujua. Ila usilinunue kwa fedha zako zote. Tenga za matairi, bomba na mkanda. Na mama asipande mpaka vyote vifungwe."

Mkunga aliposikia orodha ile alipunguza bei bila kuvutana. Waliandikiana hati ya mauziano, wakaisaini mbele ya shahidi, na kesho yake wakaenda ofisini kubadilisha jina kwenye kadi. Gari lilikaa gereji siku tatu. Ijumaa ya mwisho wa mwezi, jirani wa teksi alimpeleka mama kwa mara ya mwisho. Jumatatu walikuwa peke yao.

Ilinyesha alfajiri ile. Mke wa Fundi alikaa nyuma na mama mkwe wake, akasikiliza kila mlio. Maji yalipiga paa, vifuta kioo vililalamika, injini ikaenda. Alimshika mama mkono njia nzima, na hakulegeza vidole mpaka alipoona taa za hospitali. Saa ya ukutani ilikuwa saa moja kasoro dakika kumi. Muuguzi alimlaza mama kwenye kitanda chake, akamfunga mirija. Mashine ikaanza kuzunguka. Mke wa Fundi alikaa kwenye benchi la korido, akalia kidogo, kisha akapangusa uso.

Daftari la mkunga sasa linakaa kwenye droo ya gari. Ukurasa mpya una mwandiko wa Fundi, mwandiko mbaya lakini unasomeka. Kila oili ikibadilishwa anaandika. Kiti cha dereva hakukivisha ngozi haraka, kilikaa na tundu lake miezi miwili, na hakuna aliyepungukiwa kitu.

Jumatano moja mtu alileta kiti karakana. Kilikuwa cha dereva, kimelika vibaya. Alitaka kiwe kipya kabla ya Jumamosi.

"Gari limetembea kilomita ngapi?" Fundi aliuliza.

"Hizo za nini? Wewe shona."

Fundi alimwonyesha kipande kidogo cha kitambaa cheupe. "Siku hizi kila kiti cha gari ninachotengeneza nashonea hiki chini, kwenye kona. Naandika tarehe na kilomita, na hali niliyokikuta nayo."

Yule mtu alicheka. Akaona Fundi hacheki. "Nani atakisoma huko chini?"

"Mtu atakayeinua kava. Huenda ana mgonjwa nyumbani."

"Mafundi wengine hawana mambo haya."

"Basi wapelekee wao."

Mtu yule akabeba kiti chake, akaenda zake, na fedha za kazi ile zikaenda naye. Fundi alimtazama mpaka alipokata kona. Aliangalia saa. Ilikuwa karibu saa tano, na mashine ilikuwa inamaliza. Alifunika cherehani, akafunga mlango, akaenda kumchukua mama yake.