Chuma cha Mkatavidole

Jumanne, tarehe 14 Mei 2019, saa tatu asubuhi, jembe la Osea liligonga chuma.

Alikuwa akichimba shimo la maganda ya kahawa nyuma ya nyumba yake, nje kidogo ya Vwawa. Akafukua upanga uliopinda, umeliwa na kutu, na mpini wake umegandwa na makombe madogo ya baharini. Ferista, mkewe, aliyagusa akashangaa. Bahari walikuwa wameiona kwenye kalenda tu.

Atupele, mama yake Osea, alipouona aliketi chini palepale. Hadithi ya upanga huo alikuwa ameisikia tangu utotoni. Mkatavidole alikuwa haramia wa pwani, mporaji wa majahazi. Watu aliowatosa majini walipong'ang'ania ukingo wa chombo chake, aliwakata vidole. Alipoanza kuwindwa akakimbilia bara na msafara wa pembe za ndovu, akafia huku kwa homa. Wahunzi wa Kinyiha waliukataa upanga wake usiingie motoni. Wakamzika nao.

"Fukia, mwanangu."

"Mama, hiki ni chuma hasa! Mapanga ya dukani hayamalizi hata msimu."

"Nimesema fukia."

"Huyo Mkatavidole ameshaoza na vidole vyake," Osea akacheka.

Mhunzi Gwamaka akaufua, ukawa panga. Alipolizamisha kwenye ndoo lipoe, maji yalimrukia mdomoni. Akatema.

"Bwana Osea, nani katia chumvi kwenye maji yangu?"

Alhamisi mchana waliosha kahawa. Ferista na mdogo wake, Anna, walikuwa kwenye tangi la saruji wakiimba wimbo wa kanisani. Anna alichoka, akaegemea, viganja ukingoni. Osea alikuwa akikata kuni hatua chache nyuma yao.

Panga likanyamaza.

"Wameshika chombo," Osea alinong'ona.

"Nani, Baba Tumpale?" Ferista alimuuliza mumewe.

"Watatuzamisha."

Akapiga. Vidole vinne vya Anna viliangukia kwenye kahawa. Anna aliutazama mkono wake tu, kama wa mtu mwingine. Kisha akapiga yowe, akaanguka chali.

Ferista alimkimbilia. Akateleza kwenye maganda. Akadaka ukingo.

Kwa mikono yote miwili.

Panga lilikuwa juu tayari. Meno ya Osea yalikuwa yamezama kwenye mdomo wake wa chini, damu inamtiririka kidevuni. Mkono wa kulia haukuwa wake. Macho yalikuwa yake.

"Ferista. Achia."

Hakuweza. Vidole vilikufa ganzi.

Osea akautupa mkono wake wa kushoto ukingoni, ule wenye gumba fupi lililoliwa na mashine ya kumenyea kahawa.

"Kata huu," alisema. Hakuwa akisema na mkewe.

Panga lilishuka. Likashuka tena. Pigo la tatu lilimpata shingoni.

Alikata roho mapajani mwa Ferista kabla pikapu ya jirani haijafika. Panga halikuonekana. Walimwaga maji yote ya tangi. Vidole vya Anna vilipatikana vitatu.

Tangi halijatiwa maji tangu siku ile. Lakini asubuhi, hata kiangazi, ukingo wake una alama mbichi za viganja, vikubwa na vidogo, vya watu wanaoning'inia kwa ndani. Kimoja ni cha kushoto. Gumba lake ni fupi.

Ferista huweka kiganja chake kando ya hicho, akafumba macho.

"Ee Bwana, mpokee Osea, aliyeutoa mkono wake kwa ajili ya wangu. Na hawa wote waliokatwa kabla hawajafika nchi kavu, uwashike wewe. Wapumzike kwa amani. Amina."