Kilichokula Kabla ya Samaki

Kamba watatu ambao Zakaria aliwatia ndani ya tangi Jumatatu walikuwa wametoweka Jumatano, na tangi halikuwa na samaki hata mmoja.

Zakaria alikuwa fundi wa vioo, na tangi hilo lilikuwa ndoto yake ya miaka mingi. Alilijenga ndani ya ukumbi wa mgahawa wa mke wake, Hadidja, pale mtaa wa Makiso, refu kama kitanda cha watu wawili na kina chake kikimfika mtu mzima kifuani. Vioo alivibandika mwenyewe kwa silikoni. Pampu ikafungwa kwenye betri za sola, kwa kuwa umeme wa Kisangani hauna ahadi. Akamwaga chumvi mfuko baada ya mfuko, akipima maji mpaka yakawa makali kama ya bahari. Mwishowe yakaja kwa ndege mawe yaliyotolewa chini ya bahari huko Muanda, meusi, yenye matundu matundu. Binti yao Karima, anayeishi Kinshasa, ndiye aliyeyatuma.

Muuzaji wa samaki alikuwa ameeleza jambo moja vizuri. Kabla ya kuleta samaki wakubwa wanaokula nyama, tia kamba waliokufa, waoze. Uozo huo huzaa vijidudu vya kusafisha maji. Subiri wiki sita.

Lakini kamba hawa hawakuoza.

"Labda waliyeyuka," Hadidja alisema.

"Siku mbili tu? Hata maganda hakuna, Mama Karima." Zakaria akatia wengine kumi. Alikuwa anatabasamu, meno yote nje, na hilo ndilo Hadidja alilokuja kulikumbuka baadaye.

Kufika wiki ya tatu harufu ilianza. Maji yalikuwa maangavu kiasi cha kuona kila tundu la kila jiwe, lakini ukumbi ulinuka kama mdomo wa mgonjwa aliyelala siku nyingi bila kusukutua. Wateja waliomzoea Hadidja wakaanza kuomba meza za nje. Asubuhi moja alipanda kigoda ili afute ukingo wa juu wa kioo, kitambaa kikanasa kwenye kitu cha utelezi. Alipokivuta, uzi mrefu mweupe ulivutika nao, ukalegea, ukakatika, ukamwangukia mkononi. Ulikuwa wa vuguvugu. Yalikuwa mate.

Alinawa kwa sabuni mara nne.

Samaki walifika mwishoni mwa wiki ya sita, wawili, katika mifuko minene ya maji: mkunga, mwenye umbo la nyoka na meno kama sindano, na chewa mwenye midomo mipana, mzito kama mtoto wa miaka miwili. Siku tatu baadaye Hadidja alimkuta mkunga amelala juu ya mawe. Aliona kwanza kichwa chake, kizima, mdomo ukifunguka na kujifunga. Nyuma ya kichwa haikubaki nyama wala mfupa. Ilibaki ngozi peke yake, ikipeperuka majini kama soksi iliyovuliwa.

"Ni chewa alimukula," Zakaria alisema, akiwa ameziba mdomo kwa kiganja.

"Chewa anakula namna ile? Anafyonza mwenzake kama embe?"

Zakaria akageuka, akaenda kuangalia pampu. Siku hizo alikuwa amepunguza maneno, na kila aliposema aliziba mdomo. Mezani alikunywa uji tu. Chewa naye hakugusa chochote alichotupiwa. Vipande vya nyama vilizama mbele ya macho yake akaviangalia tu. Ila tumbo lake liliongezeka kila siku.

Ijumaa moja Hadidja alirudi kutoka msikitini akakuta viatu vya mume wake bado viko mlangoni. Hakuwa amekwenda kuswali. Mgahawa ulikuwa umefungwa kwa saa ya sala, jua la saa saba likiingia kwa madirisha yote. Akasukuma pazia la ukumbi.

Zakaria alikuwa juu ya kigoda, mgongo wake kwa mlango, kidevu kimelala juu ya ukingo wa kioo na mdomo wake uko wazi ndani ya maji, na chini yake chewa alikuwa amesimama wima, naye amefungua mdomo, na kutoka ndani ya koo la samaki kilikuwa kimepanda kitu cheupe, laini, chenye mikunjo kama utumbo wa ng'ombe uliochemshwa, kitu ambacho ncha yake yote ilikuwa midomo, midomo midogo mingi iliyokuwa ikipapasa ndani ya kinywa cha mume wake taratibu, kwa upole, jino baada ya jino, kama mama anayemkagua mtoto fizi, mpaka ikapata lile ililolitaka, ikalikumbatia, ikavuta, na Hadidja akasikia mlio mdogo, tk, kama mfupa wa kuku unavyoachia kiungo. Wingu la damu likatanda majini. Midomo ile ikalinywa wingu lote, halikubaki hata tone.

Hadidja alitapika katika viganja vyake mwenyewe. Kisha akamshika Zakaria kiunoni, akamwangusha chini.

"Acha, Mama Karima," alinong'ona kutoka sakafuni, fizi zake zimevimba, zimebaki na meno sita. "Ni njaa tu iko nayo."

Kesho yake alfajiri Hadidja alimleta Aïcha, mwanamke mzee wa Kabondo anayetibu watu waliopandwa na majini, ambaye wakubwa kwa wadogo humwita Koko, yaani bibi. Koko hakusogelea tangi. Alimkalisha Zakaria juu ya mkeka, akamsomea Kurani sikioni, kwa muda mrefu, mpaka shingo yake ikalegea.

"Wewe ni nani?" Koko aliuliza.

Sauti iliyotoka ilikuwa nzito, yenye maji ndani yake. "Nilikuwa na jiwe yangu. Nililala. Hawa walinileta, wakanipa chakula kabla sijaomba."

"Utatoka."

"Nitatoka niende wapi?"

"Kwenu."

"Kwetu ni mbali. Nitaenda penye tumbo."

Koko alisimama, uso wake umekauka. "Hii ni ya chumvi," alimnong'oneza Hadidja. "Maji tamu itaivunja nguvu. Lete maji ya mvua, mama, yote uko nayo."

Wakatia tangini mpira wa kunyonya maji, maji ya chumvi yakawa yanatoka kwenda shimoni nyuma ya nyumba, na Hadidja akamimina maji ya mvua, ndoo kwa ndoo, bila kuangalia ndani. Kwenye mkeka Zakaria alilia kwa sauti ile nyingine, akaomba, akamwita mke wake kwa jina la utotoni ambalo Hadidja hakuwahi kumwambia mtu. Hadidja aliendelea kumimina. Ngozi ya chewa ikaanza kubambuka vipande vipande. Kitu kile cheupe kikatoka nusu, kikapapasa kioo, kikarudi ndani ya tumbo, na midomo ya samaki ikajifunga juu yake. Chewa akageuka tumbo juu. Zakaria akanyamaza.

"Imejifungia," Koko alisema. "Tutachoma ile samaki mpaka ikuwe majivu. Mutu asiguse na mukono mutupu."

Hadidja alimzoa chewa kwa majani mapana ya kufungia liboke, samaki wa kuchomwa ndani ya majani, maana ndiyo yaliyokuwa karibu, akamfunga kwa kamba, akamweka katika beseni karibu na jiko la makaa. Hapo Zakaria akaanza kutokwa damu mdomoni, nyingi, haikatiki. Hadidja na Koko wakampakia katikati yao juu ya pikipiki ya kukodi, mbio mpaka zahanati. Kumshona fizi kulichukua asubuhi nzima. Alipofumbua macho alimwita mke wake kwa sauti yake mwenyewe, na Hadidja, kwa mara ya kwanza katika wiki nyingi, akakishika kiganja chake bila kichefuchefu.

Alirudi mgahawani peke yake saa nane. Mpishi wake, Joëlle, aliyekuwa ameondoka kwenda sokoni kabla ya alfajiri, alimpokea mlangoni akijifuta jasho.

"Mama, pole. Papa anaendelea namna gani?"

"Anaendelea vizuri." Hadidja alikuwa anaangalia beseni. "Joëlle. Kilichokuwa hapa kiko wapi?"

"Ile samaki uliacha tayari ndani ya majani? Nilikata, nikatia pilipili na ndimu. Sahani kumi na saba, mama. Imeisha yote."

Hadidja alikwenda kwenye jiko, akapuliza makaa. "Kusanya mifupa. Yote. Lete hapa kwenye moto."

"Mifupa hakuna. Walikula na mifupa." Joëlle akapunguza sauti, akatazama upande wa ukumbi. "Donc, mi niko nashangaa kidogo. Niliondoa sahani zamani, na hawataki kutoka."

Hadidja akasukuma pazia. Watu kumi na saba walikuwa wamekaa kimya mbele ya meza tupu, na wote walikuwa bado wanatafuna.